Chon Tatu Chini ya Goti

Kisiwa cha Ulleung, 3 Machi 1974

Kwa Maeng Ok-rim, binti wa marehemu kaka yangu, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa tiba huko Seoul.

Natangaza kwa huzuni kuu, mbele ya mbingu, nchi na karani wa posta, kwamba Jumanne asubuhi mbuzi mweusi wa jirani yetu Mzee Tak aliingia chumba changu cha tiba bila kuvua viatu, akala kalenda ya mwezi mwandamo kuanzia mwezi wa pili hadi wa kumi na mbili. Marehemu ameacha msumari mmoja. Mazishi hayakufanyika kwa kuwa mwili haukupatikana.

Baada ya msiba huo, salamu. Mimi ni mzima. Theluji imefika dirishani, na hii ni wiki ya pili hatujaona boti, kwa hiyo barua hii italala gatini pamoja na magunia ya ngisi wakavu, na ukiisoma utajua kwa harufu. Kaburi la baba yako nimelifagia. Mke wa Mzee Tak anauliza kama bado u mwembamba. Mzee Tak mwenyewe anachechemea kidogo, mambo ya uzee.

Wewe ni msomi, unaelewa hasara hii. Kila siku ya mwezi roho ya mwili hulala kiungo kingine: tarehe sita iko mikononi, ishirini na saba iko gotini, kumi na tano imeenea mwili mzima, na mahali ilipolala hapachomwi sindano. Bila kalenda nitajuaje iko wapi? Nimewaambia watu sichomi mtu hadi ipatikane nyingine. Wanakuja hivyo hivyo. Wanakaa kwenye kizingiti wananitazama, halafu wanakwenda zao.

Unajua hali yangu. Leseni ya sindano nilipewa na Wajapani nikiwa na miaka ishirini, na tangu sheria ile ya mwaka sitini na mbili hakuna anayepewa nyingine. Kisiwa kizima niko peke yangu. Mara tatu nimefunga mizigo nije kuwatembelea, mara tatu mtu kaugua siku ya boti. Mara ya mwisho nilikuwa nimeshakanyaga ngazi, wakanishusha kwa kunivuta koti.

Mwisho, kuna swali la nadharia tu. Mganga mwenzangu wa bara, sitamtaja jina, alimchoma mtu kwenye lile tundu la chon tatu chini ya goti. Sindano ikakatika, kipande kikabaki ndani. Mgonjwa hajui. Vitabu vyenu vinasemaje? Hakuna haraka. Lakini usichelewe.

Samchon wako,
Du-hwan

Unisamehe mwandiko. Meza yangu ina mguu mbovu.


Seoul, 30 Machi 1974

Kwako Samchon,

Pole kwa msiba. Nimekutumia kalenda mpya ndani ya bomba la bati, ambalo muuzaji ameniapia kwamba mbuzi hawezi kulitafuna.

Huku tunaendelea. Mama anafuma sweta usiku na mchana na kifua chake kimetulia. Nyumba niliyopanga ina moshi wa makaa, kwa hiyo nasoma dirisha likiwa wazi na blanketi kichwani, kama bibi harusi asiyetakiwa. Mwambie mke wa Mzee Tak kwamba ndiyo, bado ni mwembamba.

Swali la mwenzako nilimpelekea mwalimu, nalo kama nadharia tu. Anasema kipande kinaweza kutulia miaka mingi, au kinaweza kutembea, kwa sababu misuli ya mguu haipumziki. Kikitembea hakuna ajuaye kitafika wapi. Dawa ni moja: apigwe picha ya mfupa hospitali, wapasuaji wakitoe. Kabla ya hapo mwenzako atafute penye kigumu na panapouma, apime kila wiki kutoka gotini. Apime kwa kidole cha mgonjwa, si chake.

Hili la mwisho ulinifundisha wewe, kwa kunicheka. Nilikuwa na miaka saba, nikachukua pingili yangu ya kidole cha kati, ambayo ndiyo chon moja, nikapima chon tatu kwenye mguu wako, nikatia wino karibu kabisa na mfupa wa goti. Ukasema kila mwili umezaliwa na rula yake. Halafu nikauliza kwa nini udugu nao unahesabiwa kwa chon, mzazi na mtoto moja, ndugu wa tumbo moja mbili, ami tatu. Ukajibu kwamba ndiyo maana unaitwa Samchon, Chon Tatu, na kwamba ungekuwa umeoa ningekuita Baba Mdogo kwa heshima, lakini kwa kuwa hakuna mwanamke aliyekutaka utabaki chini ya goti, mahali pa kupigwa teke.

Mzee Tak anachechemea mguu upi?

Mwanao,
Ok-rim


Kisiwa cha Ulleung, 22 Aprili 1974

Mwanangu Ok-rim,

Kalenda imefika salama, asante sana, na Mungu akulipe unavyostahili. Bomba lilifunguliwa posta mbele ya watu kumi na wanne. Mzee Tak aliibeba mwenyewe hadi kwangu, akaigongelea ukutani kwa misumari mitatu, juu, akasema mbuzi wake sasa atahitaji ngazi. Tangu siku hiyo kila mgonjwa anaisoma kabla ya kunisalimu. Wasiojua kusoma wanasomewa.

Lakini mimi si wa kukamatwa kirahisi. Nimegundua kwamba mwaka huu mwezi wa nne unarudiwa. Nimewatangazia kuwa mwezi unaporudiwa, roho ya mwili nayo ina makazi mawili, na mtu mwenye akili hachomi wakati huo. Waliitikia kwa adabu. Mke wa Mzee Tak akaniletea majani ya kitunguu mwitu ya kuchachusha, akaangalia mikono yangu nilivyoyapokea, akasema chakula kiliwe, kisiwekwe.

Basi nakaa na vitabu. Namfikiria yule mtawa wetu wa zamani aliyeanzisha dawa ya sindano nne, mbili za kutia nguvu na mbili za kupunguza. Jina lake halisi hakuna anayelijua, tunajua tu kwamba alijifungia kwenye pango la mawe. Mtu hana mke, hana mtoto, akatoka pangoni na kusema kwamba viungo vyote vya mwili ni mama na watoto: kiungo kikidhoofu mtie nguvu mama yake, kikizidi mpunguze mtoto wake. Mimi pia sina mke wala mtoto, na pango langu lina bahari pande zote, lakini mpaka leo sijaanzisha kitu.

Kuna habari ya kuchekesha. Dukani pamezuka maneno kuhusu sindano inayobaki. Mzee Tak anawaambia watu, "Nyinyi mnachomwa mnarudi nyumbani mikono mitupu. Mimi nilirudi na yangu." Sijui ameyatoa wapi. Sasa wapo wanaonifuata njiani wakitaka ya kubaki, na mmoja anataka mbili, moja ya mkewe.

Mwenzangu wa bara anasalimu. Amepima, ni chon tatu na nusu. Anasema kupima kunamchosha kwa sababu kidole cha mgonjwa kinanuka ngisi.

Samchon wako,
Du-hwan


Seoul, 12 Mei 1974

Kwako Samchon,

Mama anakusalimu, na mti wa mbele ya nyumba umechanua, na nimepata soksi mbili nzima. Salamu zimekwisha.

Niliona ajabu kidogo kwamba mgonjwa wa bara ananuka ngisi, lakini huenda ni wa mji wa pwani. Hujaniambia mji gani. Hujaniambia pia Mzee Tak anachechemea mguu upi.

Juzi tulikuwa na mtihani wa historia. Swali la kwanza lilihusu sindano za mawe za watu wa kale. La pili lilihusu wale wanawake waliofundishwa sindano katika jumba la mfalme kwa sababu wake za wakubwa waliona afadhali kufa kuliko kushikwa na mganga mwanamume. La tatu ulinisimulia wewe nikiwa mtoto, ila mwisho wake uliuruka. Miaka mia tatu na kitu iliyopita mfalme alitoka jipu karibu na jicho. Akaitwa mganga wa sindano ambaye mfalme alimwamini, ingawa siku hizo mganga mwenyewe alikuwa mgonjwa nyumbani, na mkono ulikuwa unamtetemeka. Akachoma. Damu ikakataa kukoma. Mfalme akafa siku ile ile, na mganga akanyongwa.

Tuliulizwa kosa lilikuwa la nani. Niliandika kwamba mkono kutetemeka si kosa, na mfalme kumwita si kosa, kwa kuwa alimwamini. Kosa ni kwamba mganga alikuwa na kinywa na hakukitumia. Nilipata saba kati ya kumi. Mwalimu aliandika pembeni kwamba mfalme akimwita mtu, mtu hasemi hapana. Nadhani na watu wengine wakimwita pia ni vigumu.

Samchon, nimezipanga barua zako kwa tarehe, nikaziangalia zote pamoja. Mguu wa meza yako ulianza kuwa mbovu mwezi wa Oktoba mwaka jana.

Ok-rim


Kisiwa cha Ulleung, 28 Julai 1974

Mwanangu,

Mvua kila siku. Viazi vimetoka vidogo. Mimi ni mzima.

Barua yako niliipokea siku nyingi. Meza nimeipeleka kwa fundi.

Mwenzangu anasema imepita chon nne. Kwa hesabu ya udugu sasa ni binamu.

Du-hwan


Seoul, 14 Agosti 1974

Kwako Samchon,

Barua hii sitaanza na hali ya hewa.

Mwenzako wa bara ni wewe na mgonjwa ni Mzee Tak. Nilijua tangu Machi. Nilingoja useme, na kungoja kwangu kumeiachia ile sindano chon moja zaidi, kwa hiyo na mimi nimo. Mpeleke bara, Pohang. Mwambie kwa mdomo wako, umpandishe boti, umpeleke hospitali. Usiandike tena "mwenzangu".

Najua utakachopoteza. Wakijua hospitali, leseni itakwenda, na hakuna nyingine itakayotolewa milele. Najua pia kila mtu anavyojibu hapo: si neno, Ok-rim anamaliza Februari, Machi atakuja kushika chumba cha ami yake. Mama ameshafuma blanketi mbili za safari. Mke wa Mzee Tak ameshaniandikia kuniuliza nalala upande gani.

Samchon, mimi sitaki kuja. Mwalimu amenipa nafasi ya kubaki kwenye chumba chake cha tiba, nami nimemwambia ndiyo tangu Desemba. Miezi minane nimekuandikia kuhusu soksi na maua. Nikikitazama kisiwa kwenye ramani naona kitone tu, nami ni kama nimefungiwa sandukuni. Halafu naona haya, kwa sababu wewe umekaa ndani ya kitone hicho miaka thelathini na moja, na barua zako zote zinanichekesha.

Kwa hiyo sikukaripii. Sina haki hiyo. Nakuomba tu.

Ok-rim


Pohang, 4 Oktoba 1974

Mwanangu Ok-rim,

Leo sina tangazo.

Mbuzi hakula kalenda. Hakuingia hata mlangoni. Kalenda niliitia motoni mwenyewe, nikaichochea kwa fimbo mpaka ikaisha, na msumari nikauacha ili msiba uonekane wa kweli. Mbuzi nimemwomba radhi. Alinitazama kama wagonjwa wangu wanavyonitazama.

Mambo yalikuwa hivi. Oktoba mwaka jana vidole viwili vya mkono wa kulia vilianza kufa ganzi, kama nimevaa glavu ya mtu mwingine. Halafu ukaja mtetemo. Wewe umesoma kwamba mchoma sindano anangoja nguvu ifike, na ikifika anaihisi mkononi kama samaki anavyogusa chambo. Mimi nilikuwa sihisi hata maji. Niliendelea kuchoma miezi minne kwa mazoea na kwa bahati.

Tarehe kumi na tisa Februari alikuja Mzee Tak na goti lake. Niliweka sindano nne. Ya tatu ilikuwa imepinda tangu siku ya kuchemsha, niliiona, nikainyoosha kwa meno kwa sababu nyingine zilikuwa bado kwenye sufuria na sikuwa na subira. Wakati wa kutoa, mkono wangu uliruka. Sikuhisi kitu, nilisikia tu, mlio mdogo kama wa punje ya mchele jinoni. Nilitoa sindano tatu na mpini mmoja. Mpini nikautia mfukoni. Nikamwambia, "Tayari, nenda nyumbani." Nilikuwa na kinywa, kama ulivyoandika, na maneno yaliyotoka ni hayo.

Barua yako ya Agosti niliisoma mara nyingi, na bado nikangoja mwezi mzima. Tarehe ishirini Septemba nilikwenda uani kwa Mzee Tak. Alikuwa anatunga ngisi kwenye vijiti, ishirini kwa kila kijiti. Nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Hakuinua kichwa mpaka alipofika ishirini.

"Najua," akasema. "Ziliingia nne, zikatoka tatu. Mimi kazi yangu kuhesabu."

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza miezi saba na chuma mguuni.

"Ungeondoka," akasema. "Ungesema mkono umekwisha, ungepanda boti. Ndiyo nikatunga ile ya sindano inayobaki, watu wasikuone umeharibikiwa. Lakini nao wanajua. Unadhani wanakuja kizingitini kuchomwa? Wanakuja kuangalia kama bado upo."

Nilikasirika, mwanangu, kuliko nilivyowahi kukasirika na mtu wa kisiwa kile. Mwanaume mzima amejifungia sindano mguuni ili anifungie mimi. Nikafungua kinywa nimwambie hivyo, nikakumbuka nani aliyeifungia humo, nikakifunga. Tukamalizia kutunga ngisi. Mimi nilikuwa nawaangusha, yeye anawaokota.

Boti tuliingoja siku tano, na gatini hakuna aliyenivuta koti. Mke wa Mzee Tak alitupa viazi vya kuchemsha vya njiani, akaniambia nirudi na mguu wote wa mumewe.

Hospitali walipiga picha. Ilikuwa imefika chon tano, imelala kando ya mshipa mkubwa. Daktari ni kijana wa umri wako. Akauliza ni nani aliyefanya hivi. Mzee Tak akawahi kujibu kwamba alikalia sindano ya kushonea ya mkewe.

"Chini ya goti?" daktari akauliza.

"Nilikaa vibaya."

Niliwaangalia wote wawili, na nakiri kwako kwamba nilipenda jibu hilo libaki. Lingeweza kubaki. Daktari alikuwa ameshainamisha kalamu. Nikasema, "Ni mimi. Ndimi mchoma sindano wa Ulleung. Mkono wangu unatetemeka tangu Oktoba, na nilijua." Akaandika yote, akaniomba nisome na nitie sahihi. Sahihi ilimtosha kuwa ushahidi.

Leseni sikungoja waifuate. Nimeitia kwenye bahasha pamoja na karatasi ya daktari, nimeipeleka ofisini mwenyewe. Karani alisema karatasi kama hii hajawahi kuiona, akamwita mwenzake aje atazame. Basi. Miaka thelathini na moja nilisema ni leseni inayonizuia. Sasa sina. Treni ya Seoul inaondoka hapa kila asubuhi, nami nimekwenda stesheni mara mbili nikaitazama ikiondoka. Koti langu halikuvutwa na mtu. Nilisimama tu. Boti ya Jumatatu nimekata tiketi mbili, yangu na ya Mzee Tak, na nikifika sijui nitamwambia nini mtu atakayekaa kizingitini. Huenda nitamchemshia chai, nimwonyeshe mahali pa kuwashia majani ya pakanga juu ya ngozi yake mwenyewe. Kwa hilo mkono wangu hauhitajiki.

Wewe usije. Mwambie mama yako blanketi azitumie huko huko, Seoul kuna baridi. Mke wa Mzee Tak nitamjibu mimi kwamba unalala upande wa mbali.

Kipande wamekitoa jana. Kimo kwenye chupa ndogo kwenye dirisha la wodi, cheusi, na Mzee Tak anakionyesha kwa kila nesi. Leo asubuhi alitaka kijulikane urefu wake. Nikaanza kukipima kwa kidole changu, akanizuia.

"Kimekaa kwangu," akasema. "Pima kwa changu."

Akanyoosha kidole. Nikakishika kipande, mkono ukatetemeka, akanishika kifundo kwa mkono wake wa pili mpaka ukatulia. Ni theluthi mbili ya chon, kwa kidole chake.

Samchon wako,
Maeng Du-hwan